Mafundo Niliyoyafungua

Mwishoni mwa kiangazi hiki tulimzika Mama Sidonia, akiwa amepita miaka tisini, na baada ya matanga mke wa mwanawe, Furaha, aliniomba nisirudi Kalemie upesi. Alitaka nimsaidie kupanga kabati la marehemu kabla mvua hazijaanza. "Minye siwezi kuzigusa nguo zake peke yangu, Mama Mwalimu," aliniambia. "Naona kama iko nyuma yangu, anaangalia namna ninakunja." Nilimwelewa. Nina miaka sabini na minane, nimefundisha makatekista kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na bado nikikunja shati nageuka kutazama kama Mama Sidonia ameona. Basi tukakaa chumbani mwake, huku Kimanga, mtaa wa Uvira, mimi juu ya kiti kwa sababu ya magoti, Furaha juu ya mkeka, tukafanya kazi ambayo marehemu aliifanya mara mbili kila mwaka bila kukosa. Kiangazi kikiisha, nguo nyepesi zinarudi nyuma na nguo za baridi zinakuja mbele. Mvua zikiisha, kinyume chake. Kila kitu hutolewa na kupigwa jua uani, rafu hupanguswa, majani makavu ya mlimau yanayofukuza wadudu hubadilishwa. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na mtu angesema haina hatari yoyote. Mimi najua kwamba wakati mmoja kazi hiyohiyo, niliyoifanya kwa bidii na kwa moyo safi, ilikaribia kumpoteza mtoto wa mtu mara ya pili.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ulikuwa mwaka wa maasi, miaka michache tu baada ya uhuru, wakati uwanda wa Ruzizi haukuwa na amani na kila baada ya wiki kadhaa walipita watu wengine wenye bunduki wakisema kwamba sasa ni wao wanaotawala. Shule ya masista ilikuwa imefungwa. Nilikaa parokiani Uvira, katika chumba kilichoungana na sakristia, pamoja na Mama Sidonia, aliyekuwa mjane kijana na mtunzaji wa mavazi ya misa. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na dirisha lake moja lilitazama ziwa. Mlikuwa na vitanda viwili vya kamba, meza ya kupigia pasi, pasi ya makaa, na kabati. Kabati lile lilikuwa la mbao za mvule, refu kuliko mtu, lenye milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mavazi ya misa, yaliyopangwa kwa rangi za mwaka wa Kanisa. Nyuma ya milango mingine miwili hamkuwa na kitu isipokuwa harufu ya mishumaa. Tulikula palepale, sahani tukiziweka juu ya meza ya pasi: bugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, siku za kawaida, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese siku ya Bwana, na siku nyingine chai tupu, ambayo Mama Sidonia aliibariki kwa sala ndefu kuliko ile ya sombe. "Chakula kidogo inaomba baraka mingi," alisema, na sikujua kama alikuwa anatania.

Kiangazi kilipokaribia kuisha, wakati vumbi lilikuwa bado limeficha milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, watu wa uwandani walianza kupita. Walitoka Lubarika na vijiji vya jirani, wengine wakielekea kusini kandokando ya ziwa, wengine wakitafuta pa kuvuka mto Ruzizi. Walikuwa wamebeba vitu ambavyo mtu hubeba asubuhi ya kwanza ya kukimbia, na kufika Uvira mikono ilikuwa imechoka. Wakaanza kumwomba Mama Sidonia awawekee nguo. Alikubali, kwa sharti moja: kila mtu afunge furushi lake mwenyewe, kwa kitambaa chake, kwa fundo lake. Nilileta daftari langu la shule na kalamu ili niandike majina. Alinishika kifundo cha mkono. "Funga ile karatasi," alisema kwa sauti ya chini. "Leo bako hapa hawa, kesho banakuja bengine. Muntu akikuta majina ya batu na vijiji vyao, atajua nani alikimbia na kwa nini. Hapana andika."

Basi hatukuandika. Na polepole niliona kwamba hakuhitaji kuandika. Wavuvi wa kando ya ziwa walifunga mafurushi yao kwa fundo la wavu, dogo na gumu kama punje ya mahindi. Watu waliotoka milimani na ng'ombe walifunga kwa fundo la kamba ya ndama, lile linalokazika ndama akivuta na kulegea ukilisukuma. Wanawake wa uwandani walifunga kama wanavyofunga mganda wa mpunga: kitambaa kinazungushwa mara mbili, kinasokotwa, na ncha inafichwa chini. Na kila mmoja alikuwa na namna yake ndani ya namna ya wenzake, kama watu wanavyotofautiana katika kuandika herufi ileile. Mama Sidonia alipitisha vidole juu ya mafundo, akafumba macho, akataja: huyu ni nani, huyu ni mke wa nani. Mafurushi yalijaza milango yote miwili.

Mmoja wa waliofika ni Mama Nahimana wa Lubarika, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza na mwepesi wa mzaha. Alikuwa na mtoto wake Dezire, wa miaka sita, aliyevaa triko, sweta ya sufu ya kijani yenye mstari wa manjano kifuani, katika joto lile, jasho likimtiririka shingoni. "Nimemwambia avue, hapana taka," mama yake alisema. "Anasema akivua tutaiacha." Alikuwa ameifuma mwenyewe kwa spoki mbili za baiskeli. Katika furushi lake aliweka triko nyingine, ya sufu ileile na mstari uleule, ila kubwa kidogo. "Ile iko ya mwaka huu, hii ya mwaka ujao," alituonyesha, akicheka. "Mutoto anakua kuliko sindano zangu." Akafunga fundo lake la mpunga. Dezire aliangalia furushi likiingia kabatini, akamwuliza Mama Sidonia kama kabati lina ufunguo. Mama Sidonia akamwonyesha ufunguo. Mtoto akaridhika, wakaenda zao kuelekea mtoni.

Siku chache baada ya mvua ya kwanza, Mama Sidonia alishikwa na homa kali. Ndugu yake alikuja akamchukua kwake Kimanga, akalala huko karibu miezi miwili, nami nikabaki na ufunguo. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Milima ya Burundi ilionekana tena, safi kama imeoshwa, lakini paa letu lilivuja juu ya kabati, na siku moja nilipofungua mlango wa kati nilikutana na harufu ya kuvu. Mafurushi ya chini yalikuwa na madoa meusi. Majilio, majuma ya kungoja Noeli, yalikuwa yanakaribia; kwa vyovyote nilipaswa kuyarudisha nyuma mavazi ya kijani na kuleta mbele ya zambarau. Nikasema, kwa nini nisipange kabati lote? Masista walikuwa wametufundisha kwamba nyumba iliyopangwa ni sala. Kwa siku tatu nilifungua mafundo yote. Nilifua, nilianika kila jua lilipotoka, nilipiga pasi. Kisha nikapanga kama nilivyofundishwa bwenini: koti na koti, triko na triko, bikwembe, vile vitenge vya kujifunga, pamoja, za wanaume juu, za wanawake katikati, za watoto chini, za baridi mbele, nyepesi nyuma. Vitambaa vya kufungia nilivikunja vizuri, nikavipanga peke yake. Nilipomaliza nilisimama mbele ya milango iliyo wazi nikamshukuru Mungu. Naandika hili bila kujificha: sijawahi kujisikia mwema kama siku ile.

Wiki iliyofuata watu wa Rurambo waliteremka kutoka milimani. Huko juu nako kulikuwa kumechafuka, na walifika na mvua mgongoni, wanawake na watoto, wakitetemeka katika ukumbi wa parokia. Padri wetu, mzee mwenye huruma, aliniuliza kupitia dirisha: "Binti, zipo nguo zisizo na mwenyewe?" Nilitazama kabati langu. Nilitafuta furushi la mtu, sikuliona hata moja. Niliona rafu tu za nguo za watoto. Nikajibu, "Zipo, Padri." Nikatoa. Mmoja wa niliowapa alikuwa mwanamke kijana aitwaye Nyamahoro, mwenye mtoto mchanga ndani ya kitambaa chembamba. Nilimpa triko ya kijani. Alinishika mikono yote miwili.

Mama Sidonia alirudi amekonda, akitegemea fimbo, siku ya jua kati ya mvua mbili. Nilimfungulia kabati kama mtu anayefunua zawadi. Alipitisha vidole juu ya rafu. Kisha akauliza, "Mafundo iko wapi?"

"Nilifungua yote, Mama. Yalikuwa na kuvu. Tazama, sasa unaona kila kitu."

"Minye sione kitu," alisema. Akaketi juu ya kitanda, fimbo ikaanguka, hakuiokota. "Yusta, weye ulisoma. Hawa batu hawakusoma. Ile mafundo njo ilikuwa majina yao. Ulifuta majina, mwanangu, ukapiga na pasi." Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Jioni ile tulikula sombe, naye akaomba ile sala yake ndefu, akiongeza mwishoni, "Na mikono yenye haraka, Bwana, uichoshe kidogo." Bwana alisikia. Imechoka sasa.

Karibu na Kwaresima kulitulia, na watu wakaanza kurudi. Hatukuwa na njia nyingine ila kutandaza nguo zote uani, juu ya mikeka, na kumwacha kila mtu aseme yake. Nilitarajia ugomvi. Uwandani na kando ya ziwa watu walikuwa wamejifunza kutazamana kwa wasiwasi mwaka ule. Lakini kilichotokea uani kilikuwa karibu na soko la kuchekesha. Mvuvi mmoja, Papa Zakaria, alishika suruali ya kaki, na mwanamume wa uwandani akaishika mguu mwingine. "Yangu!" "Yako tangu lini? Weye na ile tumbo?" Mama Sidonia akaketi juu ya kigoda kama hakimu. "Mufukoni iko nini?" akauliza. "Tundu!" walijibu wote wawili kwa pamoja. "Kila mufuko ya Uvira iko na tundu," akasema, "hiyo haisaidie." Watu wakacheka mpaka Papa Zakaria akaiachia suruali mwenyewe, akisema kwamba tangu vita vianze amekonda, na mwenzake amekonda zaidi, basi aichukue. Nilisikia pia mambo ambayo hayakuchekesha. Mwanamke aliinua shati la mumewe, akalinusa, akalirudisha mkekani. Mwingine alisema nyuma yangu, si kwa kunificha, "Huyu njo yule binti ya masista. Alitupanga sawa vile mabuku." Nilikuwa napita na maji ya kunywa. Niliendelea kupita.

Mama Nahimana alikuja siku ya mwisho, peke yake. Alikuwa amepungua hata urefu. Alipata kikwembe chake, akapata blauzi yake, kisha akaanza kugeuza nguo za watoto, rundo zima, mara moja, mara ya pili. "Triko," alisema. "Ya kijani. Ile ya mwaka ujao."

Mama Sidonia alinitazama. Nikauliza, nikijua tayari kwamba nisingependa jibu, "Dezire yuko wapi, Mama?"

Alitueleza akiwa amesimama. Kando ya mto watu walisongamana kuingia mitumbwini, na risasi zilisikika nyuma yao. "Mukono wake ulitoka mu mukono wangu. Namna hii tu. Nilifika ng'ambo, yeye hapana. Ao alifika na mutumbwi ingine, sijue. Nilizunguka fasi zote banaweka bakimbizi. Nauliza, banasema, mutoto namna gani? Nasema, mufupi, mweusi, anacheka. Mama, batoto bote biko namna ile." Akafuta uso kwa kiganja. "Halafu nikafikiri: ile triko. Hakuna ingine mu dunia yenye ile mustari. Nitaishika mukononi, niulize: munaona mutoto anavaa kama hii, kadogo? Muntu anaweza kusahau uso ya mutoto wa mwingine. Ile rangi hatasahau."

"Na kama..." nilianza.

"Kama alikufa?" alisema yeye mwenyewe, bila hasira. "Kwetu mutoto hazikwe uchi. Mwenye alimukuta alimuzika na triko yake, hapana vua. Basi ile kadogo sitaiona tena. Lakini kama nitaiona, njo kusema iko muzima, iko anaivaa. Nipe ile kubwa, niende."

Nilimwambia ukweli palepale, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kitu kingine. Nilimwambia nilifungua fundo lake, na kwamba triko niliitoa kwa mkono wangu. Hakunitukana. Aliketi juu ya mkeka kati ya nguo zilizobaki, akasema, "Basi nitangojea."

Siku tatu nilimtafuta Nyamahoro. Katika ukumbi hawakuwepo tena. Watu wa Rurambo walikuwa wametawanyika, wengine kwa jamaa, wengine ndani ya nyumba zisizokwisha kujengwa. Niliuliza kwenye visima, kwenye foleni ya chumvi, kwa akina mama waliouza ndagala barabarani. Siku ya tatu nilimkuta huku Kimanga, nyuma ya mashine ya kusaga unga, akiwa ameketi juu ya gunia, mtoto mapajani. Mtoto alikuwa na kofia ya kijani yenye mstari wa manjano, na soksi mbili za kijani. Nilielewa kabla sijamsalimu. Alikuwa ameifumua triko, akaifuma upya kwa kipimo cha mtoto wake. Ni jambo ambalo mama yeyote mwenye akili angefanya.

Nilipomwambia nilichokuja kutafuta, alimkumbatia mtoto kwa nguvu. "Hii ulinipa weye. Na mikono yako. Sasa unakuja kuitwaa? Nyinyi batu ya ziwa munapeana na mukono mumoja, munanyang'anya na wa pili." Wanawake waliokuwa wanangoja unga waliguna. Mmoja akasema, "Mwache, binti, mutoto atashikwa na baridi." Nilikaa chini, vumbi la unga likituangukia kichwani, nikamsimulia yote: mto, mkono uliotoka katika mkono, mstari wa manjano. Nilimwambia mama yule ni mtu wa Lubarika. Nilisema hivyo kwa kusudi, ili asije akajua baadaye na kuona nilimdanganya, maana watu wa juu na watu wa chini walikuwa na madai kati yao mwaka ule. Nyamahoro alisikiliza mpaka mwisho. "Iko na miaka ngapi, ule mutoto?" akauliza. Nikasema sita. Akamvua mtoto wake kofia, akaipindua, akatafuta ncha ya uzi kwa meno, akavuta. "Nyosha mikono," akaniambia. Nikainyosha, naye akanizungushia sufu mikononi, safu juu ya safu, kofia ikiyeyuka mbele ya macho yetu, kisha soksi. "Umwambie ilifumwa muzuri," alisema. "Kuifumua iliniuma. Na umwambie uzi ya mukono mumoja haiko. Nilibadilisha na chumvi." Nilivua triko yangu ya shule, ya bluu, nikamfunika mtoto. Nyamahoro akaitazama, akaigusa ukingoni. "Ile yetu ilikuwa muzuri kuliko hii," akasema, na wanawake wa unga wakacheka, nami nikacheka nikiwa na machozi.

Mama Nahimana alikaa nasi siku nne. Aliosha ule uzi uliokuwa umejikunja, akautundika dirishani ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke, kisha akaketi chini ya dirisha na spoki zake mbili. Siku hizo nazikumbuka kwa sauti ya chuma kikigongana na chuma, na kwa chakula: maharage, kwa sababu Papa Zakaria alituletea bakuli, akisema ni malipo ya suruali aliyoipoteza. Mama Nahimana alifuma na kuongea. Alitusimulia jinsi Dezire alivyokuwa akilala mdomo wazi, jinsi alivyoogopa bata lakini hakuogopa ng'ombe. Mimi nilishika donge la uzi na kulilegeza kila alipovuta. Mara moja nilimwomba anisamehe. Hakuinua macho. "Weye ulitaka zisioze," alisema. "Shika uzi." Siku ya nne uzi uliisha begani. Triko ilikuwa kamili, mstari wa manjano mahali pake, ila mkono wa kulia haukuwepo. Aliiinua mbele ya dirisha. "Ni ya mutoto wa kivita," akasema, kwa ule mzaha wake mwepesi, uliochoka sasa. Akaikunja mstari ukiwa nje, akaibeba kifuani wazi ili watu waione, akaahidi atarudi kutuambia. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa ukuta wa parokia.

Kiangazi kilikuja, hakurudi. Tuliyaleta mbele mavazi mepesi. Mwaka uliofuata nilitumwa Kalemie kusoma ukatekista, na huko nikakaa, nikafundisha, nikazeeka. Nilirudi Uvira mara chache, kwa misa ya shukrani, kwa mazishi, na kila mara niliketi na Mama Sidonia tukanywa chai. Sikumwuliza hata mara moja kama Mama Nahimana alirudi. Nilijiambia kwamba ni uvumilivu, kwamba namwachia Mungu. Nimefundisha watu wengi tofauti kati ya uvumilivu na woga, na ninajua wangu ulikuwa upi. Niliogopa kusikia kwamba alitembea na triko yenye mkono mmoja mpaka akachoka. Niliogopa kwamba zile siku zangu tatu za kupanga, pamoja na siku za kutafuta na siku nne za kufuma, ndizo zilizochelewesha kila kitu. Kwa miaka karibu sitini nimeishukuru neema ya Mungu kwa mambo mengi, na hilo moja nimelizunguka, kama mtu anayezunguka shimo njiani akiwa anaimba.

Sasa tulikuwa tumefika rafu ya juu. Furaha alipanda juu ya kigoda, akatoa mashuka, akatoa sanduku la picha, kisha akanipa furushi dogo. Kitambaa kilikuwa kimefifia hata huwezi kusema kilikuwa cha rangi gani. Kilizungushwa mara mbili, kikasokotwa, na ncha ilifichwa chini. Vidole vyangu vilijua kabla ya macho.

"Hii iko ya nani?" nilimwuliza.

"Ile?" Furaha alisema, akishuka. "Mama hakutaja. Nilipoolewa humu niliikuta. Alisema mwenye furushi aliileta wakati fujo ilirudi uwandani, miaka miwili baada ya kuondoka kwako, akasema ataichukua. Hakuichukua. Kila vita tulipokimbia, Mama aliacha nguo zake, akabeba ile. Kila kiangazi, kila mvua, anaipiga jua, anairudisha. Hakuifungua." Akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa. "Siku moja nilimwambia, kwa nini humwambii Mama Mwalimu, labda iko anajua ni ya nani. Akasema: Yusta hapana taka kuuliza. Siku atauliza, nitajibu. Ao siku atapanga kabati yangu, ataijua."

Niliweka furushi mapajani. Furaha alinisogezea mkasi, akifikiri fundo limekuwa gumu kwa vidole vya mzee. Nikaurudisha. Kulikuwa na kitu kikavu pembeni, pengine majani ya mlimau yaliyogeuka unga. Kulikuwa na kitu laini, na sufu hujulikana hata kupitia kitambaa. Nilipapasa polepole, kwa ncha za vidole, kama Mama Sidonia alivyokuwa akipapasa mafundo akiwa amefumba macho. Kwanza nilipata mwili mkubwa wa triko, uliokunjwa mara mbili, na mkono wake mmoja. Upande wa pili nilifika begani, na hapo sufu ikaisha. Furaha aliniuliza kama niko sawa, nami nikaendelea kupapasa. Chini ya triko ile kulikuwa na nyingine. Ilikuwa ndogo, ile kadogo ya Dezire, ambayo haikuzikwa, ngumu zaidi kwa kuvaliwa, imejikunja viwikoni. Niliufuata ukingo wake kwa kidole gumba mpaka nikafika mwisho. Nikarudi mwanzo, nikahesabu mikono ya triko zote mbili bila haraka, kama ninavyohesabu punje za rozari: mkono mmoja, wa pili, wa tatu.

Fundo sikulifungua. Niliinuka na magoti yangu, nikalipeleka uani, nikaliweka mahali penye jua, na baada ya muda nikaligeuza upande wa pili.